Mtungi wa Kati

Habari ya kifo cha Mutiso ilinifikia kwa simu, katika lile kundi ambalo sisi tuliowahi kukaa nyumba moja kule Muaither, pembeni mwa Doha, hulitumia kutakiana heri za Krismasi na kutumiana picha za maua. Moraa ndiye aliyeandika, kwa mkato, kama nesi anayekabidhi zamu: "Injinia ametuacha. Ni figo. Mazishi Jumamosi, kwao Machakos." Nilikuwa nachambua mchele. Niliendelea kuchambua, maana katika umri huu habari za vifo zimekuwa nyingi na mchele haujichambui. Ila maji yalipoanza kuchemka nilijikuta bado nimekaa kwenye kigoda, mikono mapajani, nikiuwaza mwaka mmoja wa ujana wangu ambao mpaka leo sijui niuite wa bahati au wa hasara. Sitaanza na nilikozaliwa wala shule nilizosoma. Hayo yatasomwa siku ya mazishi yangu mwenyewe. Nitaueleza mwaka niliochora roketi.

Watu hucheka nikisema hivyo. Doha wanayoijua wao ni ya mlinzi wa lango, dereva, dada wa nyumbani na nesi, na kweli wengi wetu tulikuwa hao. Lakini miaka ile, kabla ya metro, mji ulijaa watu waliokuwa na fedha kuliko mahali pa kuziweka, na mmoja wao aliamua kutengeneza roketi. Sisi tulimwita Mudiri, kama anavyoitwa kila bosi wa kule. Alikodi villa huko Al Rayyan, akaijaza kompyuta, akamleta Mzee Anatoli, raia wa Ukraini aliyetengeneza roketi tangu enzi za Wasovieti, na akamleta Mutiso, Mkamba aliyesomea uhandisi huko huko Ukraini na kuzungumza Kirusi bila kigugumizi. Mimi, Adhiambo, nilikuwa mchoraji: injinia akishapiga hesabu zake, mimi ndiye niliyezigeuza kuwa michoro. Wakenya tulichukuliwa kwa kuwa Mudiri alitaka roketi zake ziruke kutoka pwani yetu, karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huisaidia roketi kwa msukumo wa bure. Alidhani sisi wawili tungemfungulia milango ya serikali. Mimi hata mlango wa chifu wa kwetu sijawahi kubisha mara moja ukafunguliwa.

Wazo lenyewe lilikuwa jepesi, hata mama mboga angelielewa. Unatengeneza mtungi mmoja mrefu. Juu unatia oksijeni iliyopozwa mpaka ikawa maji, chini mafuta ya taa, ndugu ya yale ya stovu ila yamesafishwa zaidi, na mkiani unafunga injini. Mtungi mmoja peke yake ungebeba setilaiti ndogo, na roketi hiyo iliitwa Nakhla Moja, kwa jina la Kiarabu la mtende. Ukitaka kubeba mzigo mzito, huhangaiki kubuni roketi nyingine: unachukua mitungi mitatu ya aina ile ile, unaifunga pamoja kama tita la kuni, unapata Nakhla Tatu. Mzigo ukizidi, unafunga mitano. Kiwanda kimoja, mashine zile zile, mchoro mmoja wenye namba moja. Hicho ndicho Mudiri alichokuwa akiwauzia watu, na mimi ndiye niliyetunza namba za michoro. Kufungua namba ya pili ya mtungi kulikuwa mwiko ofisini kwetu, kwa kuwa ukiifungua umekiri kwamba mitungi si sawa, na ukishakiri hivyo unahitaji kiwanda cha pili.

Villa ile ilikuwa na vyumba vingi na akili kidogo. Mashine kubwa ya kuchapa michoro iliwekwa jikoni, kando ya sinki, kwa sababu ndiko kulikokuwa na kiyoyozi kisichokoroma. Mikutano ilifanyika kwenye majlis, chumba kirefu chenye matakia ukutani kote, na Mzee Anatoli, ambaye magoti yake yalishakataa kukunjwa, alikaa peke yake kwenye kiti cha plastiki. Tulizungumza Kiingereza, kila mtu na chake. Chakula cha mchana kililetwa kwenye sinia moja, wali wa machboos na kuku juu, na Mzee Anatoli alikula huku akituambia roketi zipi za ujana wake zililipuka na kwa sababu gani. Alizitaja kwa majina kama mtu anayehesabu ndugu waliotangulia. Sikuwahi kumwona akicheka. Alikuwa mtu mwema lakini aliyechoka tangu kabla sisi hatujazaliwa.

Jioni basi lilinirudisha Muaither, kwenye nyumba iliyokatwakatwa kwa mbao za jasi mpaka sebule ikawa vyumba vitatu. Mimi na Moraa tulikuwa na kimoja. Mutiso alipanga mulhaq, kile chumba kidogo cha uani, nje ya nyumba, na kwa kuwa hakikuwa na jiko alikuwa akija kula kwetu. Moraa alisonga ugali akiwa bado na soksi zake za hospitali, akimlalamikia Mungu na msimamizi wa wadi kwa sauti moja. "Injinia, kula. Roketi haijazi tumbo," alikuwa akimwambia. Dirisha la jikoni lilitazamana na la mulhaq, na ukuta wa kule ulikuwa wa kuonyesha tu, kwa hiyo tukiosha vyombo tulimsikia Mutiso akizungumza na mkewe, Wavinya, kwenye kompyuta. Mtandao ulikuwa wa kubahatisha, basi wote wawili walipiga kelele. Sisi hatukutega masikio. Hatukuwa na namna ya kuyafunga.

Siku moja, wiki moja hivi kabla ya Ramadhani, tulimsikia Wavinya akiuliza, "Mutiso, kwani niliolewa na mtu ama na laptop? Mwende anaambia watoto wa shule baba yake anakaa kwa skrini."

"Vumilia kidogo tu, mama. Wageni wa Mudiri wanakuja baada ya Idi. Wakikubali Nakhla Tatu, anatia sahihi mkataba wangu mpya, na huo uko na nyumba ya familia na visa zenu. Nimeuona kwa macho."

"Na wasipokubali?"

"Watakubali."

"Miaka yote ni watakubali. Basi nikuambie, hiyo ndio mwisho yangu ya kungoja. Sikutishi. Nimechoka tu."

Moraa alifunga bomba, akasimama na sahani mkononi. Alisema anayetisha unaweza kumbembeleza, lakini mtu aliyechoka hana pa kushikwa. Kesho yake Mutiso alinunua kitanda cha mtoto kutoka kwa familia ya Kifilipino iliyokuwa ikihama, cha rangi ya waridi, akakisimamisha ukutani mle mulhaq. Kwa kuwa chumba kilikuwa kidogo, ilimbidi apite upande upande kufika kitandani kwake. Nilimtania kwamba amejijengea jela. Akasema ni mazoezi ya kuishi na watu.

Ramadhani ilipoanza, saa za kazi zilifupishwa, na sisi ambao hatukufunga tulikunywa maji kwa kujificha jikoni, kwenye mashine ya michoro, kwa heshima ya waliofunga. Ndiko Mutiso alikonikuta. Alikuwa na karatasi zake, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudia hesabu mara nyingi akiomba imkatae.

"Adhis, huyu mtungi wa kati hatabeba," akasema.

"Kwani amefanya nini?"

"Yeye hajafanya kitu. Ni wenzake. Hawa wawili wa pembeni wanasukuma juu na hawana mzigo kichwani. Nguvu yao yote inapitia kwa huyu, kwa zile pingu zinawafunga pamoja. Na huyu tayari amejibebea setilaiti. Ukuta wake utajikunja hata mawingu hatujapita."

"Si uongeze unene basi?"

"Kwa wote watatu? Watakuwa wazito, hawatabeba kitu ya maana. Ni huyu mmoja anataka mwili wake."

"Anataka namba yake, unamaanisha."

Alichukua glasi yangu ya maji akanywa yote, jambo ambalo hakuwa akifanya.

Tulikwenda kwa Mzee Anatoli, aliyekuwa amejifungia ofisini kwake akila tango na chumvi. Alizisoma hesabu bila kushangaa. Kisha akatuambia kitu ambacho nimekikumbuka katika kila kazi niliyofanya baadaye. Alisema maishani mwake ameshughulikia koo kadhaa za roketi za namna hii, na kila ukoo huanza kwa kuahidi kwamba mitungi yote ni sawa, na kila injinia anajua kwamba wa kati hawezi kuwa sawa na wenzake. "Ndiyo desturi," alisema. "Wenye fedha wanatia sahihi kwanza. Halafu, baada ya miezi michache, unagundua wa kati anahitaji kuimarishwa. Unashangaa, wanashangaa, wanaongeza fedha. Ukiwaambia kabla, hakuna roketi, na hakuna mtu wa kuirekebisha. Kijana, roketi zote unazozisoma vitabuni zilizaliwa hivyo." Hakusema kwa ujanja. Alisema kama daktari anayekueleza kwamba kuzaa kunauma.

Nami nilimwona mzee ana haki, na sina haja ya kujificha: hata leo namwona alikuwa na haki. Tukitoka nilimshika Mutiso mkono nikamwambia, "Injinia, sikia mzee. Nyamaza mpaka wageni waende. Si uongo, ni kungoja tu." Alisema amesikia. Siku chache baadaye aliniomba nimfungulie mtungi wa kati namba yake, nikaifungua, nikamchora na kuta zake nene, na Mzee Anatoli akakubali kwa sharti kwamba mchoro ule usichapwe. Basi ukakaa ndani ya kompyuta, na sisi watatu tukaendelea kula machboos na Mudiri jua likishatua, tukisifu mchuzi.

Idi ikapita. Wageni walikuwa watatu, wawili wa makamo wenye simu zisizonyamaza na mmoja mzee sana, mwenye tasbihi, ambaye hakuna aliyetuambia ni nani, lakini wale wawili walingoja akae ndipo wakakaa. Mudiri alikuwa ametengenezesha mfano wa Nakhla Tatu kwa plastiki nyeupe, urefu wa mkono, mitungi yake ikishikana kwa sumaku. Alipenda kuuachanisha na kuuunganisha mbele ya watu. Kijana wa kahawa alizunguka na dele, akimimina kidogo kidogo kwenye vile vikombe visivyo na masikio, na harufu ya iliki ikajaa chumba. Mudiri alizungumza vizuri. Alizungumza vizuri hata mimi, niliyejua kilichokuwa ndani ya kompyuta yangu, nikatamani iwe kweli.

Mzee alinyoosha mkono, akapewa ule mfano. Akaubandua mtungi wa kati, akaubandua wa pembeni, akaibadilisha mahali, ikashikana tak, akauinua juu kwenye mwanga. "Hakuna tofauti?" akauliza. Mudiri akacheka kwa furaha, akasema hapo ndipo penye uzuri wake. Lakini mzee hakuwa akimtazama Mudiri. Karatasi ya hesabu ilikuwa magotini pake, na chini yake palikuwa na jina la aliyezipiga.

"Injinia Mutiso ni nani?"

"Ni mimi, mzee wangu."

"Hii mitatu ni sawa?"

Nilimtazama Mzee Anatoli. Alikuwa akitazama viatu vyake. Nilimtazama Mutiso na nikamwambia kimoyomoyo, sema ndiyo, sema ndiyo, sema ndiyo mwanaume wewe, mtoto wako yuko kwenye skrini.

"Hapana," Mutiso akasema. "Hii ya plastiki ni sawa. Ile ya kweli, ukiibadilisha hivyo, itavunjika wakati bado tunaiona kwa macho."

Kisha akaeleza, kwa upole, kwa maneno machache, akitumia vidole vyake vitatu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama inawezekana kurekebishwa. Mutiso akasema inawezekana, ila kwa muda zaidi na kwa kiwanda cha pili. Mzee alimshukuru. Kijana wa kahawa alipomkaribia, mzee alikitikisa kikombe chake kulia na kushoto, kama wafanyavyo kule mtu akitosheka, akakirudisha. Wale wawili nao wakatikisa vyao. Walituaga kwa adabu zote, wakasifu tende, na hatukuwaona tena.

Mudiri hakupiga kelele. Ningependa angepiga, ningepata wa kumchukia. Alikaa pale kwenye matakia, mfano wa plastiki mapajani, mitungi bado imebadilishana mahali, akauliza, "Kwa nini hukuniambia mimi kwanza?"

"Ungeniambia ninyamaze," Mutiso akajibu.

Mudiri alifikiri. "Kweli," akasema. "Ningekuambia."

Kwenye basi nilimshukia Mutiso kwa hasira ambayo nilikuwa nimeifuga tangu majlis. Nilimwambia ametufukuzisha kazi wote, pamoja na mzee wa watu asiye na pa kwenda, na kwamba mtu mwenye akili hajibu kila anachoulizwa. Alikuwa ameegemea kioo, macho yamefumba. "Aliniuliza, Adhis," akasema. Nikamwambia watu huulizwa kila siku. "Aliniuliza mimi," akasema tena. Tuliposhuka Muaither joto lilitupiga usoni, tukatembea mpaka nyumbani, na Moraa alipotuona alipakua chakula asiulize.

Jioni ile ile tulimsikia akimpigia Wavinya. Nilitegemea amweleze. Nilitegemea amwambie kuhusu mzee na tasbihi yake, na kuta za mtungi, na swali. Alisema tu, "Mambo imekataa, mama." Halafu tukasikia sauti ya Wavinya, tulivu, "Sawa, Mutiso." Hakukuwa na zaidi. Moraa aliwasha redio ikajaa jiko lote, na mimi nikaendelea kusugua sufuria iliyokwisha kutakata.

Kilichofuata hakina hadithi. Ofisi ilikufa taratibu, kwanza maua ya mlangoni, halafu sinia la mchana, halafu watu. Mzee Anatoli alirudi kwao na sanduku moja, na akiwa mlangoni alimbusu Mutiso mashavuni, akamwambia kitu kwa Kirusi ambacho Mutiso hakunitafsiria. Mimi nilipata kazi ya kuchora mabomba ya viyoyozi vya mahoteli, nikaifanya kwa miaka, na mabomba hayakuwahi kuniuliza chochote. Mutiso aliajiriwa na watu wanaotunza lifti za maghorofa. Wavinya alimchukua Mwende wakahamia Kitui kwa mama yake, na baada ya muda tukasikia ameolewa, baadaye tukasikia ameachika. Mutiso hakuoa tena. Nilisoma baadaye kwamba hata makampuni makubwa ya ng'ambo, yalipojaribu kufunga mitungi mitatu pamoja, yalikuta wa kati anataka mwili wake mwenyewe. Nilimtumia Mutiso habari ile. Alinijibu kwa kuniuliza kama mvua imenyesha kwetu.

Jumamosi nilikwenda Machakos. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia, hema tatu, na msemaji mmoja baada ya mwingine alisema marehemu alikuwa mtu mkimya. Baada ya maziko nilikaa kwenye benchi nyuma ya jikoni, miguu imevimba, sahani ya muthokoi mkononi, mwanamke mwenye leso kichwani akaja akakaa kando yangu. Sikuwahi kuuona uso wake, lakini alipofungua kinywa niliijua ile sauti mara moja, kwa kuwa niliosha nayo vyombo mwaka mzima.

"Wewe ndio Adhiambo? Ule wa michoro?"

"Ndio mimi, Mama Mwende. Pole sana."

"Nishapoa. Dada, nataka kukuuliza kitu, na usinifariji kwa sababu ni matanga." Alikuwa akiutazama umati, si mimi. "Ule mwaka, alikuwa anataka tuje kweli? Ama ilikuwa maneno ya simu? Aliniambia mambo imekataa, basi. Mtu akitaka watu wake si hupigana? Mimi nilimwacha kwa sababu nilijua yeye hatutaki."

Niliweka sahani chini. Nilikuwa nimechoka, na ilikuwa rahisi kumpa jibu la matanga, kwamba Mungu ndiye anayejua. "Alikuwa amebakisha neno moja," nikamwambia. "Aseme ndiyo, mje. Aliulizwa swali mbele ya watu, na ndiyo ingekuwa uongo."

Nikamweleza yote, mtungi, mzee, desturi ya Anatoli, kikombe kilivyotikiswa. Nilipomaliza alikaa akizungusha pete isiyokuwepo kidoleni.

"Na kwa nini hakuniambia?"

"Hapo sijui, Mama Mwende."

"Mimi najua," akasema polepole. "Ningemwambia aseme ndiyo. Ningelia, ningemliza na mtoto, na angesema. Aliogopa kuniuliza."

Machozi yalimtoka hapo, bila sauti, na hakuyafuta. Msichana mrefu mwenye uso wa Mutiso mtupu alikuwa akipita na sinia la vikombe. Wavinya alimwita.

"Mwende. Weka hizo chini, kuja ukae. Huyu auntie alifanya kazi na baba yako."

"Mum, watu hawajakunywa chai."

"Watangoja," Wavinya akasema. "Sisi tulingoja."

Nikasogea kwenye benchi, msichana akakaa katikati yetu, nikaanza tena tangu mwanzo.